Msomaji wa Wapepeta Ulezi

Katandala, Sumbawanga
Jumapili

Mdogo wangu Edith,

Habari za Kabwe? Huku ulezi umekubali, na mimi nimeshindwa hoja, jambo ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwangu.

Unajua nilivyozipiga vita riwaya za mapenzi. Niliandika hata gazetini kwamba zinapumbaza watu. Mama aliisoma makala ile, akaikunja, akaifanya alama ya ukurasa katika riwaya yake.

Jana majirani walikuja kupepeta ulezi. Kama kawaida yao, mmoja husoma kwa sauti na wengine humpepetea fungu lake. Msomaji siku zote ni Mama. Jana alinipa mimi kitabu.

"Soma wewe, baba. Macho yamekataa."

Nikasoma. Binti wa kwenye riwaya alipomsamehe mchumba wake mwongo, nilikasirika, nikabadilisha maneno. Nikamfanya amfukuze na kumhutubia juu ya haki. Nyungo zote zikatulia.

"Kalisti, hayo ni maneno yako ya gazetini," Mama akasema. "Huyu msichana namjua. Rudi nyuma."

Jirani yetu Debora akacheka. "Shemeji, acha siasa! Tunataka kujua kama wataoana."

Nikarudi nyuma. Edith, walibishana kuhusu msamaha ule kwa akili na ukali ambao sijauona kwenye mkutano wowote. Wala hawakunihitaji niwafundishe.

Daktari anasema jicho la kulia la Mama halitaona tena, na la kushoto linafuata. Njoo mapema. Mletee riwaya za mapenzi, hata zenye herufi ndogo. Msomaji nipo.

Kaka yako,
Kalisti