Baba Haoi, Mama

Mama, nimeliona sanduku mlangoni. Rudisha nguo kabatini, baba haoi.

Daktari alisema mishipa ya damu miguuni imeziba: atembee kila siku, mguu ukiuma apumzike, kisha aendelee. Mzee anaona aibu kupumzika njiani, basi anajifanya anatazama vitu madukani. Leo mguu umegoma mbele ya magauni ya harusi, shangazi akatuona, na ulimi wake unaujua.

Nikamwambia baba akueleze, akajibu: "Bora mama yako adhani naoa kuliko ajue nachechemea!"

~~Sigara zake nimeficha~~ Sigara zake nimezitupa. Akiendelea kuvuta, mguu unaweza kukatwa. Hilo pia alikuficha.

Vidonge viko nyuma ya redio. Jioni mtembeze wewe, mimi nipo kazini. Akisimama, simama naye, mchague gauni.

Mwanao, wala si mshenga