Mume Asiye na Chumvi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Flora amepiga simu. Wanakuja! Yeye na Leonardo, tarehe moja Agosti, wiki mbili nzima. Baba wa mtoto anabaki Italia na kazi yake. Nilikaa kwenye kigoda nikasahau sufuria, mboga ikaungua. Mzee akala bila kusema kitu, nikajua na yeye amefurahi.

Mjukuu ana miaka saba na hatujawahi kumshika. Kwenye simu anaonyesha paji la uso tu, halafu anakimbia. Kiswahili hajui. Flora anasema zamu za hospitali zinammaliza, akirudi nyumbani anaongea kile kinachotoka haraka. Mimi nimefundisha Kiswahili watoto wa watu mpaka nikastaafu, na wa kwangu ananiambia "ciao". Haya.

Lakini mtoto yule ni mume wangu. Wamempa jina la Mzee, Leonard, wakaongezea o mwishoni huko kwao. Bibi asiyetaniana na mume wake ni bibi gani? Bibi yangu mimi aliniita mke mwenza. Alikuwa ananifukuza jikoni, nami narudi na kuni, ananifukuza tena. Ndivyo nilivyojua ananipenda. Sasa huyu nitamfukuzaje kwa lugha ambayo siijui?

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda mjini kwa Sista Marietha, aliyesoma Italia. Nikamwambia nataka Kiitaliano chote kabla ya Agosti. Alicheka mpaka akajifunika mdomo na shela. Akasema: Mwalimu, chukua kitenzi kimoja tu, kile anachokisikia mtoto kutwa nzima. Kwenda. Andare. Na mtoto kila saa ni kwenda — kuoga, kula, kulala.

Vado, vai, va. Naenda, unaenda, anaenda. Nikaona rahisi. Halafu akasema andiamo. Nikamwambia Sista, umeruka ukurasa. Kumbe hapana, ni kile kile! Sisi ni andiamo, nyinyi ni andate, halafu wao wanarudi kule kule tulikotoka, vanno. Kitenzi gani kinabadilisha nguo katikati ya safari?

Nilikisema sana. Sista akaniuliza kwa upole: na "kuja", ukimwamuru mtu, unasemaje? Njoo. Nikanywa chai.

Jumapili, 14 Julai

Nimekiandika chote kwa mkaa ukutani jikoni, mistari sita. Nakikariri nikipepeta alizeti. Mzee amekitazama akasema hiki kitenzi hakina ukoo, kila mtoto na sura yake.

Jirani yetu Winfrida alinisikia juzi akadhani nasali novena. Alipouliza ni ya mtakatifu gani, Mzee akamjibu, Mtakatifu Andare. Leo baada ya misa ameniuliza sikukuu yake ni lini.

Jumamosi, 20 Julai

Mzee ananitia hasira. Anaita kuku kwa "andiamo"! Anasimama uani na mtama mkononi, andiamo, andiamo, na kuku wanamkimbilia. Mimi napigana na sita zote, yeye kaokota moja na imezaa matunda.

Nimerudi kwa Sista kuomba maneno mengine matatu manne. Mume, chumvi ambayo mume huleta nyumbani, na namna ya kumwambia mtu aende zake. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia Sista, nilianza kutaniana kabla hujazaliwa.

Jumanne, 30 Julai

Kesho kutwa. Nimesahau "wao". Vanno. Nimekumbuka.

Mzee amenyoa ndevu zote, anasema ni joto. Na upepo huu wa Unyambwa, joto liko wapi?

Alhamisi, 1 Agosti

Wamefika na basi la Dodoma. Flora amekonda. Mtoto ana miguu ya Mzee, mirefu, imeanza safari kabla ya mwili. Amefundishwa shikamoo njiani. Ameniamkia mimi, amemwamkia Mzee, amemwamkia dereva wa bajaji na mbuzi wa Winfrida. Hakuna mkubwa aliyeachwa.

Nilimkumbatia, akasimama kama nguzo. Nikasema "andiamo", nikaonyesha mlango. Alimwangalia mama yake kwanza. Halafu akaenda. Neno langu limemwingiza mtoto ndani ya nyumba! Nalala nalo moyoni.

Ijumaa, 2 Agosti

Mzee ameita kuku. Leonardo alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tangu hapo ni kivuli chake. Wamezunguka kutwa wawili hao, bandani, shambani, kwa mbuzi, hakuna anayejua lugha ya mwenzake na hakuna anayejali.

Nina wivu. Naandika wazi kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mimi ndiye niliyehangaika na mkaa ukutani, na mtoto akinipita anasema shikamoo kama ananilipa ushuru.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeharibu.

Alikuja jikoni peke yake, mara ya kwanza. Mlenda uko motoni. Alitazama maandishi ukutani, akanitazama, akatabasamu kidogo. Nikasema moyoni, saa ndiyo hii. Nikashika kiuno: "Marito senza sale? Vai via!" Mume asiye na chumvi? Nenda zako! Nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake nimeuma kanga nisicheke. Namngoja abishe. Namngoja apige mlango, alalamike njaa, kama tulivyofanya sote.

Kimya. Nilipofungua hakuna mtu.

Tumemkuta nyuma ya banda la kuku, analia bila sauti. Ameshavaa begi lake la mgongoni. Viatu ameviweka ndani ya begi, amesahau kuvivaa.

Flora akaniuliza, mama, umemwambia nini? Mtoto anasema bibi hamtaki. Na kitenzi hakikuwa na kosa lolote! Alielewa kila neno. Sista alinifundisha vizuri mno.

Nikamjibu kwa ukali: kwani hukumwambia kwamba mimi ni mke wake? Flora akasema, nilisahau, mama. Kule hakuna mtu wa kunitania.

Hasira yote ikaniishia. Miaka hii yote nilikuwa nauliza kama anakula vizuri, kama kuna baridi, kama wanampa likizo. Hilo sikuwahi kuliuliza.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani alikaa upande wa pili wa Mzee. Mezani anatazama sahani. Shikamoo yake ya leo imekuwa ndogo, haifiki.

Nimefuta "vai" ukutani. Mzee akasema sasa kitenzi chako ni kibogoyo. Sikucheka. Akaona sijacheka, akaenda kuniletea kuni ambazo sikumtuma.

Wanabaki siku kumi. Wakiondoka hivi, mtoto atakua akijua kwamba kuna bikizee mmoja Singida alimfukuza. Nitamwelezaje? Nina kwenda peke yake, nisamehe sina.

Wakati wa kulala nilimsikia Flora akiongea naye chumbani, Kiitaliano, kirefu. Nilisikia sale, ile chumvi. Nilisikia marito. Mtoto akauliza kitu, Flora akajibu, mtoto akauliza tena kile kile. Nilibaki nimesimama barazani na kandili kama mgeni.

Jumatatu, 5 Agosti

Mzee na mtoto wametoka asubuhi, hata chai hawajanywa. Nimemuuliza Flora wamekwenda wapi. Anasema hajui, na anaangalia pembeni. Tangu utoto hajui kudanganya. Mimi nimekaa tu barazani na daftari hili, alizeti hazijapepetwa, chochote sijafanya.

Naendelea, nimo chumbani, naandika nimesimama.

Wamerudi. Mtoto mbele, Mzee nyuma mikono mitupu, anashindwa kuficha meno. Leonardo amebeba pakiti ya chumvi kwa mikono miwili, hamwachii mtu. Nilikuwa nimeingia jikoni. Akasimama nje ya kizingiti, hakukivuka. Akasema "hodi". Nani kamfundisha hodi?

Midomo ilikuwa inacheza, anakumbuka masomo yake. Halafu akashika kiuno kwa mkono mmoja, vile vile nilivyoshika mimi, akakunja uso.

"Mke wangu. Chumvi hii. Ugali wangu uko wapi?"

Zote sita zimenikimbia. Vado, andiamo, zote, sikubakiwa na moja. Hata Kiswahili sikubakiwa nacho. Nikasema natafuta miwani, nikakimbilia huku, na miwani ninayo usoni, imelowa.

Sasa yuko mlango wa chumbani, anagonga. Anasema "mke wangu!" kwa sauti nene, amemuiga Mzee. Na nyuma yake Flora anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kupaliwa, mpaka kuku wanajibu.

Anagonga tena. Anauliza ugali.

Mungu wangu, jiko hata sijaliwasha.