Mawe ya Bi Shaikha

Matrah, Maskati
Mfunguo Pili 16, 1389 Hijria

Kwa ndugu yangu mpenzi Sleyum bin Thabit, Mombasa.

Nnakuamkia kwa amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake, wewe na wote waliomo nyumbani mwako, mkubwa kwa mdogo. Nataraji kifua kimekupoa na ile dawa ya asali bado unainywa, maana nakujua, dawa kwako ni ya siku mbili tu. Sisi huku ni wazima wa miili. Mguu wa mwanao Mahbuba umefunga kidonda, anatembea bila ya fimbo. Mke wangu Nasriya anakusalimu, anasema kahawa uliyotuma imefika na nusu yake wamekunywa majirani kwa kuisifu. Mimi nnakula, nnaswali, nnakwenda kwa tajiri wangu kumwandikia barua zake. Lakini nnaogopa, Sleyum. Mtu akimwaga ndoo ya maji uani, mimi huinuka kitini. Na waraka huu nnauogopa kuliko hayo maji. Huu ni wa nne. Tatu za mwanzo nimezichana.

Barua yako tumeipata. Umetuarifu kuwa mjukuu wako amezaliwa na umempa jina langu, Marhoon, kwa kuwa nilimwokoa Mahbuba na mafuriko. Pia umejibu ombi la Mahbuba la kwenda Kuwait kusomea uuguzi. Umesema hapana, akae kwa ami yake, kwani atapata wapi mkono mwengine kama ule uliomtoa majini. Mahbuba aliisoma, akaikunja vizuri, akaenda kuchagua mchele. Ruhusa yake ya kusafiri imekwisha kutoka, chuo kinamngoja mpaka mwisho wa mwezi ujao, kilichobaki ni neno lako wewe baba yake.

Utaniwia radhi nikianzia mbali, ualimu haunitoki. Unakumbuka mwaka niliopelekwa London kwa mafunzo, miaka kumi na tano nyuma, nikatumia likizo yangu kuteremka na mto Loire, Ufaransa, kwa baiskeli. Siku tisa. Mto ule ni mpana na mvivu, na pembeni yake wamejenga tuta la udongo, na juu ya tuta pana barabara nyembamba ambayo asubuhi nzima unaweza kupishana na gari mbili tu. Kushoto maji, kulia mashamba ya mizabibu, mistari kwa mistari kama madaftari ya watoto. Husikii ila mnyororo wako mwenyewe. Bibi mmoja wa shamba alinikaribisha mvinyo. Nilipomwomba maji alicheka sana, akamwita mumewe aje aone mtu aliyetoka Afrika kunywa maji kwenye nchi ya mvinyo, kisha akanipa kishada cha zabibu. Ukutani kwake palikuwa na mstari uliochongwa, juu ya kichwa changu, na mwaka 1856. Akanieleza kuwa ndipo mto ulipofika mwaka ule. Nikaona hawa ni watu wenye akili: maji yakija wanayaandika, na mgeni akisoma anajua.

Hadithi hizo nilimsimulia Mahbuba tangu tulipofika hapa kwa kukimbia mapinduzi, mwaka wa sitini na nne. Alipokua akataka kuyaona mabonde kama yale, nami sikuwa na la kumpa ila wadi. Wadi ni mkondo wa mto usio na maji: changarawe iliyoshindiliwa, milima huku na huku, na kimya. Tuliazima baiskeli ya pili dukani kwa tajiri, tukawa tunatoka Ijumaa milango ya mji inapofunguliwa tu, kabla ya watu kuwa wengi, kwani msichana juu ya baiskeli hapa si jambo la kuonwa. Nasriya akitutania kila mara, eti Ufaransa imekwisha bwana, hii Maskati, hapa hata punda anatushangaa.

Ijumaa ile tulikuwa tunaelekea Ansab, ambako rafiki wa tajiri ana bustani yenye mzabibu mmoja. Nilitaka Mahbuba aone jani la mzabibu kwa macho yake. Tuliingia wadi, njia ikawa laini, jua zuri, mbingu safi juu yetu. Nyuma ya milima, mbali, palikuwa na weusi kidogo. Mahbuba aliuona, akauliza kama ni mvua. Nilimjibu kuwa mvua ya kule ni ya kule. Akauliza tena, kwa nini kwenye matawi ya mikunazi, juu kupita vichwa vyetu, pamenasa majani makavu na matambara. Nikamweleza, Sleyum, kwa utulivu na kwa urefu, kuwa ni viota vya ndege wakubwa. Nilimtajia na sababu ya ndege kupenda mkunazi. Ilikuwa alama ya maji, mstari ule ule wa ukutani kwa bibi wa mizabibu, nami nikamsomea ndege.

Kisha mawe yakaanza. Upande wa kulia, juu ya ukingo, alisimama bibi mmoja mchunga mbuzi, amevaa barakoa, anapiga kelele na kututupia mawe. Nilijua, au nilidhani nnajua: anatupiga kwa sababu ya msichana na baiskeli. Nilimwambia Mahbuba ainamishe kichwa, asimjibu, akanyage pedali kwa nguvu. Mahbuba akasema, Ami, anatuita. Nikamwambia watu wa namna ile hawaiti, wanalaani. Jiwe likaanguka kushoto kwetu, na jengine kushoto, na jengine. Mimi niliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita sikuona kuwa hata moja halikuanguka baina yetu na yeye. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hivyo ndivyo wanavyogeuza mbuzi: hutupa jiwe upande wa pili wa mnyama ili amkimbilie mchungaji. Alikuwa anatutoa wadini kama anavyowatoa mbuzi wake.

Tulikwenda mbele labda hatua mia mbili. Upepo ukawa baridi ghafla, wenye harufu ya vumbi lililorowa. Halafu nikasikia kama lori limebeba mawe, linakuja, na njiani hamna lori. Kwenye kona ya mlima maji yakatokeza, mekundu, yanabiringisha matawi na mawe mbele yake. Niliitupa baiskeli nikakimbilia ukingo wa kulia. Nyuma yangu Mahbuba akapiga ukelele: Ami, nguo! Nguo imenasa! Pindo la kanzu yake lilikuwa limeliwa na mnyororo.

Hapa ndipo nilipouchana waraka mara tatu.

Niligeuka. Nilimwona. Palikuwa na hatua tano baina yetu. Maji yalikuwa yamenifika kiunoni na yananivuta. Nikampa mgongo, nikapanda mwambani kwa mikono na kucha, na sikusimama mpaka juu. Aliyeshuka ni yule bibi, aliyekuwa ametufuata mbio juu ya ukingo. Alinipita bila ya kunitazama, na mundu wake wa kukatia majani mkononi, akaikata ile nguo, akamkamata Mahbuba kwa nywele na kwa mkono, wakatoka wote wawili. Baiskeli zikachukuliwa na maji. Jina lake ni Bi Shaikha. Alitupa maziwa ya mbuzi, akamfunga Mahbuba mguu uliokatwa na mnyororo kwa ukaya wake wa kichwani, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi hata nisijue wadi.

Tulipofika nyumbani Nasriya alilia, akauliza nani aliyemtoa. Nilifungua kinywa. Mahbuba akanitangulia: Ami alinishika mkono, hakuniachia. Jirani wakasikia, na kabla ya magharibi Matrah nzima ikasikia, ndivyo na wewe ulivyosikia. Nami nikanyamaza. Siku ya pili nilimwuliza kwa nini. Alisema, Ami, nyumba tumepoteza, nchi tumepoteza, wewe umebakiwa na jina tu. Nisikupotezee na hilo.

Sasa jina hilo ndilo lililomfungia mlango. Unamzuia binti yako kwa ajili ya mkono ambao haukuwepo. Nimekaa na hofu hii siku arubaini: hofu ya uso wako, hofu ya mtoto anayekua kwa jina langu na kuuliza kwa nini kaitwa hivyo. Lakini leo nnaogopa zaidi kumwona Mahbuba akichagua mchele kimya. Hapa kwangu hayuko salama zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwanamke asiyemjua alimshukia majini. Huenda na Kuwait wako wa aina yake. Mpe ruhusa. Jina la mtoto, libadilishe ukitaka, sitakulaumu.

Nilimpa Mahbuba waraka huu ausome kabla ya kuutia bahashani, kwani ni wake kuliko wangu. Aliusoma kwa makini, kidole juu ya mstari, kama nilivyomfundisha. Akasema yote ni kweli ila neno moja. Nikamwuliza lipi. Akanionyesha pale nilipoandika kiunoni. Akasema kwa upole, Ami, uliponipa mgongo maji hayakuwa yamepita vifundo vya miguu.

Nikataka kulifuta. Akasema nisilifute, niandike na hili chini yake, ili baba aone yote mawili.

Nasriya anakusalimu tena, na Mahbuba anakubusu mikono. Nisalimie wakubwa, na mtoto umbusu kwa niaba yangu, kwa jina lolote utakalomwita. Jibu ulielekeze kwake yeye, si kwangu.

Ni mimi nduguyo mkubwa,
Marhoon bin Thabit