Bega la Kushoto

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Na Wifi, hajambo? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha wiki nzima na nyumba inanuka nguo mbichi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema huji, kwa kuwa Mama hatakujua na moyo wako hautastahimili. Nilikasirika, sikufichi. Baadaye nikacheka, maana mimi ninayeishi naye huniita "mteja".

Kula anakula, ukimwekea kijiko mkononi. Vifungo ndivyo vinavyompiga chenga. Kilichotushinda ni kufumua: alifumua pindo za mapazia, kisha sketi yangu ya kazini. Tukaona anaharibu, tukaifungia cherehani chumbani. Basi jioni zikawa balaa. Anazunguka, anasukuma mlango, anatufokea kwamba wateja wanamngoja.

Shangazi ndiye aliyetusuta. "Fundi akifumua anataka kurekebisha. Mrudishieni kazi yake." Nilijisikia vibaya sana, Kaka. Mtoto wa fundi mzima nisilijue hilo!

Tukachomoa sindano, tukamrudishia cherehani yake. Sasa kila alasiri anakanyaga polepole, kitambaa kinapita bila uzi, mwanga wa dirishani umemtulia vidoleni. Mlio ule unailaza nyumba nzima. Juzi nami nilisinzia, nikajiona nina miaka sita, nimejikunja chini ya meza yake juu ya vipande vya vitambaa, na wewe unanivuta mguu.

Jana nilimwonyesha picha yako, ile ya kuhitimu. Akaitazama sana.

"Simjui kijana huyu," akasema. Kisha akachukua futi yake ya kupimia, akainyoosha juu ya picha. "Bega lake la kushoto limeshuka. Nitamwekea kitambaa ndani, watu wasimcheke."

Nimeichunguza picha hiyo mpaka macho yakaniuma. Mabega yako yako sawasawa. Shati ulilovaa alilishona yeye; labda kitambaa hicho alishakitia zamani.

Wasalimie Wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu, anasema usilete visingizio. Mungu akufikishe salama, maana Mama ameshakata kitambaa, na anasema hashoni mpaka mwenyewe aje apimwe.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Kitindamimba