Siku Tisa Nilizoandika "Maji Safi"

Kamina, Cité
17 Aprili 1955

Mpendwa yaya, dada yangu Phébé,

Nakusalimu sana, wewe na bwashemeji Philémon na watoto. Mnaendeleaje huko Jadotville? Kikohozi cha Jeannine kimekwisha? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anatembea, mguu haumsumbui sana tangu mvua ipungue.

Barua yako ya baada ya Pasaka niliipata. Uliuliza kwa nini sikuja Pasaka kama nilivyoahidi, na kwa nini nimenyamaza. Nimeanza kukujibu mara tatu, nikachana. Leo nitaandika mpaka mwisho, hata kama utaniona vibaya.

Ulisikia kwa watu wa treni kwamba ukuta wa bwawa ulipasuka, watu watano wakafa, kwa sababu mlinzi alilala. Hiyo ya mlinzi si kweli, na mimi njo ninayejua.

Kazi yangu pale unaijua kidogo. Kampuni ilifunga kijito cha Kasolo kwa ukuta wa udongo, ipate maji ya mashamba yake. Chini ya ukuta lilipita bomba kubwa la chuma. Ukuta wa namna ile huvuja kidogo siku zote, na mimi nilipima maji yale kila asubuhi, nikaangalia rangi yake, nikaandika katika kaye, daftari lililokaa biro, ofisini kwa kampuni. Enjenyeri, yaani mhandisi wa ukuta, Bwana Delvigne, alinifundisha mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, yaya. Aliniita kwa jina langu, alinikalisha kitini. Alinieleza kwamba maji yakitoka safi si neno. Yakitoka na matope, basi udongo wa ndani unabebwa, ukuta unaoza kutoka tumboni. Alinipa chupa ndogo za dawa, nitie maji ya kila siku na kubandika tarehe.

Tarehe kumi ya mwezi wa pili maji yalitoka mekundu. Nikakimbia na chupa hadi biro. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, kisha akafunga mlango. Akaniambia kwamba wakati wa kujenga, udongo wa kando ya bomba haukushindiliwa vizuri, kwa kuwa mkurugenzi alitaka kazi iishe kabla ya mvua. Yeye aliandika kwamba pafukuliwe upya, wakamkatalia. Sasa akimwaga maji yote, mkurugenzi ataaibika na yeye atafukuzwa. Mawe ya kuukaza ukuta yangefika kwa treni baada ya juma moja.

"Kalenga, andika maji iko safi," akaniambia. "Siku kidogo tu. Minyi njo enjenyeri, hapana weye."

Nikaandika. Nilikuwa na sababu zangu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, Mama ana mguu wake, na nani angemsikiliza karani mweusi juu ya enjenyeri? Nilijiambia yeye anajua kuliko mimi. Lakini alikuwa amekwisha kunifundisha. Nilijua sawasawa na yeye. Kesho yake nikaandika tena, na kesho kutwa. Chupa sikuzitupa. Nilizileta nyumbani, nikazipanga chini ya kitanda cha Mama. Hakuniuliza.

Siku ya kumi, tarehe kumi na tisa, mawe yakiwa hayajafika, nilikuwa biro nikimweleza Bwana Delvigne kwamba maji yamezidi maradufu na yamekuwa mazito kama uji. Kabla sijamaliza tukasikia mngurumo kama wa treni isiyokwisha kupita. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukuta ulifunguka pale pale penye bomba. Chini ya bwawa wanawake walikuwa wakiloweka mihogo. Watano hawakutoka. Kyabu alikuwa mmoja wao, yaya, yule uliyekaa naye benchi moja shuleni, mke wa Augustine. Tulimpata siku ya tatu.

Jumapili polisi wakamchukua mzee Kazadi, mlinzi wa mlango wa maji. Kampuni iliandika kwamba ukuta ulikuwa mzima, ila mlinzi hakufungua mlango maji yalipojaa. Ufunguo ulikaa biro, Kazadi hakuwahi hata kuulaza kwake. Lakini wao walikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa kaye yangu. Siku tisa, maji safi, na jina langu chini kila siku.

Sasa elewa nilivyobanwa. Nikisema, nimejitaja mwongo aliyeua watu watano. Nikinyamaza, Kazadi anafungwa kwa mwandiko wangu. Kila adhuhuri mkewe alipita mlangoni petu akimpelekea chakula gerezani, akamwamkia Mama, akaniamkia na mimi. Nilianza kula chumbani ili asinikute. Kazini Bwana Delvigne hakuniangalia tena machoni. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu, akaenda zake.

Aliyemaliza jambo ni Mama. Asubuhi moja niliporudi kutoka kisimani nilikuta chupa zote tisa mezani, amezipangusa vumbi.

"Hivi haviwezi kulala chini yangu tena," akasema. "Uvibebe. Nyumba tutahama."

Komisyon ya uchunguzi ilitoka Élisabethville, ikakaa hapa katika mwezi wa tatu. Niliingia na kikapu. Nikapanga chupa mbele ya hakimu kwa tarehe. Matope yalikuwa yameshuka chini, na kila chupa ilikuwa na mengi kuliko ya jana yake. Hakimu akazitazama, akafungua kaye, akauliza ni nani aliyeandika maneno haya. Nikajibu, "Ni minyi." Akauliza kwa amri ya nani. Nikamtaja Bwana Delvigne. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kampuni ilikuwa imempandisha ndege ya Ulaya siku mbili kabla, wakasema ni mgonjwa.

Kazadi ametoka. Mimi nimefukuzwa, na sasa tunakaa katika chumba kimoja kwa mzee Kitwa, fundi wa viti. Kesi ni mwezi wa sita. Mpaka siku hiyo sina ruhusa ya kupanda treni, na kila Jumatatu najionyesha kwa Bwana wa Teritware, mkuu wa wilaya. Mkurugenzi hakuitwa. Katika karatasi ya washtakiwa jina la kwanza ni langu. Asubuhi nasikia treni yenu ikiondoka, najua saa itakayofika kwenu, na mimi nafika mwisho wa barabara, narudi.

Kuna neno nililipita hapo juu, hata komisyon sikuiambia. Juma lililopita nilikwenda kwa Augustine. Sikuitwa. Alinipa kiti. Akaniuliza kama nilimwona Kyabu asubuhi ile.

Nilimwona, yaya. Nilipita kando yake nikienda kupima. Aliniamkia, akauliza habari zako, akasema mihogo ya mwaka huu ni migumu. Nikamwitikia, nikapita. Nilipoona maji yamekuwa uji, nilikuwa na njia mbili: ya mtoni kwao, hatua mia mbili, na ya kilimani kwenda biro. Nikakimbilia biro. Miguu yangu ilikuwa imezoea kupeleka habari kule tu.

Nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Aliniuliza Kyabu alivaa nini, nikamwambia kitambaa cha manjano. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mbele ya hakimu bataongea juu ya ukuta na kaye. Weye useme na ile ya njia."

Wakili niliyepewa amenikataza. Anasema hakuna sheria inayouliza nilipita njia gani, na neno hilo litanizidishia miaka. Labda ni kweli. Nimempa Augustine neno langu.

Ninalokuomba ni moja. Umwite Mama aje kukaa kwenu kabla ya mwezi wa sita. Yeye hakunyimwa treni. Usimwambie ni mimi niliyeomba, hatakubali.

Wasalimu bwashemeji Philémon, Jeannine na mdogo wake Abner, na mama mkwe wako Ève. Mzee Kitwa naye anawasalimu. Mungu ailinde nyumba yenu na kila anayelala ndani yake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa sifiki,

Éliézer Kalenga