Samahani Tuliyomwandikia Mwenye Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu hili: naota kwa Kiingereza. Hata mama huniita kwa Kiingereza ndotoni, na yeye hakijui.
Nimechota maji uani tena. Bomba la jikoni bado limepasuka, na juma lililopita mama alilalamika kwa barua. Niliiandika mimi. Leo tumekuta karatasi ya mwenye nyumba chini ya mlango. Tuhame mwisho wa mwezi. Sababu hakuna. Mama ameikunja, akarudi kwenye cherehani.
Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Mama kataka nimjibu mwenye nyumba. Kwao Tanga, tulikotoka kuja huku ugenini, huanzi na neno zito, unaanza kwa kumtaka mtu radhi. Atusamehe kwa kumsumbua, atusamehe kama tumemkosea, ndipo tuombe kubaki. Nimeandika vilevile, kwa Kiingereza. Nilipoisoma ilinikaa vibaya. Nimenyamaza. Ndiyo tabia yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenye nyumba kasimama uani na barua yetu mkononi, wapangaji wote wasikie. Kasema tumekiri wenyewe, nani huomba msamaha bila kosa? Wiki ijayo anabadilisha kufuli. Mama alitabasamu tu, anavyofanya akiumia.
Mama Furaha, msusi Mkongo wa chumba cha pili, akamwambia mama, "Maman, ninyi watu wa Tanga, mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unaomba pardon."
Mama alicheka. Mimi niliingia ndani.

Jumatatu, 10 Machi
Sikwenda shule. Mama Furaha alituelekeza mjini, mtaa wa Braamfontein, kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Nilitafsiri mimi. Mwanasheria, dada mmoja mpole, aliuliza kipi kilitangulia, malalamiko au notisi ya kuhama. Malalamiko. Basi andikeni hivyo, kasema, kwa tarehe zake. Na hakuna wa kututoa wala kutufungia nje bila amri ya mahakama. Barua iwe na nakala, ibaki kwetu.
Mama kaniambia niulize kama tunaweza kuanza na samahani. Eish, niliona aibu, lakini niliuliza.
Dada akajibu salamu inatosha.

Jumanne, 11 Machi
Nimeandika. Mama kataka nimsomee kwa Kiswahili, polepole:
"Habari za kazi. Tarehe 24 Februari tulikuandikia kuhusu bomba. Tarehe 3 Machi ukatutaka tuhame. Kodi tunalipa. Tunaona unatutoa kwa sababu tulilalamika. Radhi tuliyoomba ilikuwa adabu, si kukiri kosa. Tuandikie sababu yako. Bila amri ya mahakama hatuhami, na usibadilishe kufuli."
Mama kaichukua karatasi mkononi. Kisha, "Mbona kali hivi, mwanangu?"
"Si kali, mama. Ndivyo ilivyokuwa."
Mara ya kwanza nambishia. Mama katia sahihi.

Ijumaa, 14 Machi
Mwenye nyumba kaipokea barua getini. Kaitia mfukoni.

Jumapili, 16 Machi
Kufuli ni lilelile. Bomba nalo vilevile. Mvua kidogo asubuhi. Mama anashona sare ya mtoto wa jirani, mimi naandika mezani, nakala ya barua iko pembeni yangu.
Viatu vinakuja koridoni. Vizito, vya mwenye nyumba, si ndala za Mama Furaha. Siku zote nikisikia viatu hivi nafunika kila nilichoandika. Mama ameweka mkasi chini, ananiangalia.
Sifuniki.