Ruhusa ya Kuwinda kwa Bi Graciana

Idaho, 6 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kelele. Mimi sijambo, basi la shule ninaloendesha ndilo lenye kikohozi.

Shangazi Ingeborg ameniambia yote. Shamba la marehemu Kvalheim limeuzwa, wenyewe wapya wametia kufuli getini, na wewe umeipaka bunduki mafuta ukaiviringisha kwenye blanketi. Eti umestaafu. Baba, umewinda kindi wa ardhini pale miaka arobaini na tatu, na mimi nimejifunza kulenga shabaha nikiwa nimelala kifudifudi kando yako. Hiyo habari ya kustaafu kamdanganye mwingine.

Huku kindi wamejaa. Wanakula lusini, majani ya kulishia mifugo ya watu, wanachimba mashimo, ng'ombe wanavunjika miguu. Nipe muda nikutafutie mahali halali, kabla joto la Juni halijawarudisha chini kulala. Sitaki uzeeke umekaa sebuleni unatazama dirisha.

Mwanao,
Marit

Montana, 17 Machi

Mwanangu Marit,

Marahaba. Goti bado linapiga kelele, ila sasa masikio yangu hayalisikii, kwa hiyo tumepatana. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu.

Ingeborg mdomo wake hauna komeo. Haya, ni kweli, nimestaafu. Lakini nikija huko, nitakuja kwa masharti. Ruhusa itoke mdomoni mwa mwenye ardhi mwenyewe, si kwa mpwa wake wala jirani yake. Mpaka uujue, usiniambie "nadhani". Na uhakikishe ni kindi gani, maana wapo wanaolindwa na sheria, nao wanafanana na hawa.

Lingine, na hili usilisahau: usiombe kwa kutumia uzee wangu. Ukimwambia mtu "baba yangu mzee, muonee huruma", mimi sitoki hapa. Heri nibaki na blanketi langu.

Halafu huko kwenu si mnalima viazi tu? Nani kawaambia mna kindi wa maana?

Baba yako

Idaho, 11 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, viatu ndivyo vimechakaa.

Nilianzia ofisi ya wilaya, nikachukua ramani. Ardhi ya serikali ipo tele, lakini imekatwakatwa kama ubao wa drafti, kipande cha serikali, kipande cha mtu. Kile kizuri kuliko vyote kimezungukwa na mashamba, hakina hata njia ya kuingilia. Kingine kina njia, na kila Jumamosi kinajaa watu wa mjini, wanapiga chochote, hata vibao vya barabarani. Niliokota maganda ya risasi nusu debe, nikarudi nyumbani.

Basi nikaanza kubisha hodi. Sita walinikatalia. Mmoja aliwahi kupigiwa ndama risasi, simlaumu. Wa saba ni Bi Graciana Elordi, mjane wa Kibaski, wale wachungaji waliotoka Hispania, anayefuga ng'ombe peke yake. Alinitazama viatu kwanza. Akataka kuona leseni, akauliza gari nitaliacha wapi, akanitembeza mpaka mzima kwa miguu, nguzo kwa nguzo. Halafu akasema, "Sawa." Neno moja tu, Baba, lakini limetoka mdomoni mwake. Bwana wa wanyamapori naye amekuja kuwatazama kindi, na si wale wanaolindwa.

Sikutaja umri wako. Njoo Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa.

Mwanao,
Marit

Montana, 18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Blanketi nimelifungua. Bunduki haina kutu, mwenyewe ndiye mwenye kutu. Ingeborg anapika mikate ya viazi ya kutosha kulisha kijiji, nimemwambia Idaho hawajakosa viazi, hasikii.

Milango saba. Mimi ningekata tamaa kwa wa nne.

Baba yako

Idaho, 26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie kabla hujaondoka. Usije.

Jumamosi nilikwenda kujaribu kuwinda kule shambani. Nikitoka nilikuta geti la mashariki liko wazi kabisa, na pale ndipo basi langu linapopita. Nikaona ng'ombe wakitoka barabarani itakuwa balaa, mtu atakuwa amesahau. Nikalifunga. Kumbe Bi Graciana huliacha wazi ili ng'ombe wateremke kijitoni kunywa. Wamekaa siku mbili bila maji. Ndama mmoja amekufa.

Jana alinipigia simu. Akaniambia wale watu wa mjini wa Jumamosi wamemfungia geti, na nikiwaona nimjulishe. Hakunishuku hata kidogo. Hakuna aliyeniona, Baba. Ningenyamaza, ungekuja, tungelala sisi wawili kwenye lusini kama zamani. Na nilitaka sana uje.

Nilikwenda kwake nikamwambia, "Ni mimi niliyefunga." Hakunitukana. Aliniambia nisirudi, akafunga mlango polepole.

Ulinifundisha tangu mdogo kwamba geti huachwa ulivyolikuta, nami nikajifanya najua kuliko mwenye shamba. Nisamehe.

Mwanao,
Marit

Montana, 5 Mei

Mwanangu Marit,

Marahaba. Sisi huku wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena.

Unaniomba mimi msamaha? Kaa chini nikuambie jambo ambalo hata marehemu mama yako hakulijua. Mwaka 1951 nilifunga geti la kaskazini kwa Kvalheim, vilevile kama wewe, kwa wema wa kijinga. Walikufa ng'ombe watano. Siku hiyo tulikuwa wawili shambani, mimi na rafiki yangu Delbert Roos. Kvalheim akamshuku Delbert, akamfukuza mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza, kwa sababu nililitaka lile shamba.

Nimewinda pale miaka arobaini na tatu kwa kunyamaza. Halafu nikakulaza kando yangu nikakuhubiria habari za mageti kama mtu mwema.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe umekua vizuri kuliko nilivyokulea. Nakuandikia waziwazi usije ukadhani umesoma vibaya: najivunia wewe, Marit. Umepoteza shamba, na mimi sijawahi kukuonea fahari namna hii. Nimetembea nayo mji mzima hii fahari, nikakosa wa kumwambia bila kujitaja.

Baba yako

Idaho, 16 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeniliza, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Kuhusu Delbert sina la kukuambia. Yeye ndiye wa kuambiwa.

Ijumaa nikiwa na basi tupu nilimkuta Bi Graciana amesimama katikati ya barabara, mkono juu. Nikajua leo natukanwa. Alikuja dirishani akaniambia kindi wamefika lusini ya chini, na wale wa Jumamosi hataki kuwaona kwake tena, maana kwa miaka ishirini hajawahi kutokea mtu akabisha hodi kukiri kosa. Akauliza, "Aliyekufundisha hivyo yuko hai?"

Nikasema yuko Montana.

"Mlete," akasema, akaondoka.

Sikutaja umri wako, Baba, wala sikutaja lingine lolote. Hilo ni lako.

Mwanao,
Marit

Montana, 22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Delbert anaishi nyuma ya ghala la nafaka, peke yake, na paka mmoja mwenye kiburi. Nilibisha hodi, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua tangu siku ile, Einar. Nilikuwa nakungoja tu uje."

Nilitamani anipige. Alinipa kahawa, na bado hajui kuipika. Tuliinywa hivyo hivyo. Halafu akaniuliza kama kindi wa Idaho ni wanono.

Sasa nenda kwa Bi Graciana, Marit. Mweleze habari ya 1951 kama ilivyo, usinipunguzie hata neno. Mwambie aliyekufundisha kusema kweli hakuwa mimi. Halafu muulize kama atatupokea wawili. Akimkubali mmoja tu, basi awe Delbert.

Baba yako,
Einar